Je, wajua kwa nini jumuiya humfikia mgonjwa kabla ya ndugu zake?

Ukiwa umelala ndani kwako Tandika na homa inaingia siku ya tatu, huenda wa kwanza kupiga hodi asiwe kaka yako. Kaka anakaa Kibaha, na foleni ya kutoka huko unaijua. Atakayekuja ni mama wa nyumba ya tatu, kajitanda kanga, mkononi kashika chupa ya uji, nyuma yake wenzake wawili. "Tumsifu Yesu Kristo." Wala si rafiki yako wa kusema ni rafiki. Mnajuana kwa sala ya Jumamosi ya jumuiya, kile kikundi cha Wakristo majirani.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Ni jiji ambalo mtu anaweza kupanga chumba mwaka mzima asijue jina la wa chumba cha pili. Habari ya homa yako imemfikiaje mama huyu? Na kwa nini aje yeye?

Wengi watajibu kwamba ni imani na upendo. Sibishi, ila jibu hilo halitoshi. Wenye upendo tuko wengi mjini hapa, na wengi wetu hatuendi kokote. Tunasema "nitapita kesho", kesho inakuwa Jumapili, Jumapili tunasikia ameshapona au ameshazikwa. Kinachomleta yule mama, nikisema wazi, ni zamu.

Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kuanzia chini, kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo za watu wanaoishi jirani. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa chini ya Kardinali Laurean Rugambwa. Kwa Mtanzania wazo lenyewe halikuwa geni, kwani tangu miaka ya 1960 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikuwa imeshamzoesha nyumba kumi kumi na mjumbe wake, yule anayejua nani kahamia, nani kahama na nani hasemezani na nani. Jumuiya ikakaa humohumo mtaani. Walutheri na Waanglikana nao wana sala zao za nyumba kwa nyumba, na ukiingia bila kusikia salamu unaweza usijue uko kwa nani. Wakisema "Bwana Yesu asifiwe", basi si kwa Wakatoliki.

Siri ya mpango huu iko kwenye kuhamahama. Sala haifanyiki ukumbini. Wiki hii ni kwako, wiki ijayo kwa jirani, mara nyingi Jumamosi asubuhi kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye shughuli zao. Aliyekwisha kukaa kwenye jamvi lako hahitaji kuelekezwa kwako. Ameona kitanda kilicho nyuma ya pazia, amemsikia mtoto anavyokohoa, amejua kama jiko lako la mkaa liliwashwa asubuhi au halikuwashwa. Padri wa parokia yenye waumini maelfu hawezi kuyajua hayo hata awe mtakatifu.

Somo likiisha na sala zikiisha, huja matangazo, na hapo ndipo kazi yenyewe hufanyika. Katibu anafungua kaunta buku. Fulani hatujamwona wiki mbili, nani ana habari zake? Mmoja anasema yuko kwa binti yake Mbagala, mwingine anasema hapana, amerudi, anaumwa mguu. Mhazini anataja kilichomo kwenye mfuko. Halafu linakuja swali ambalo hakuna anayeweza kujificha nalo, kwa kuwa mko kumi na tano tu chumbani: nani anakwenda? Kanisani, katikati ya watu mia nane, ungeinamisha kichwa ukajifanya unasali.

Yule mama na wenzake wakishafika kwako, mambo huwa ya kawaida kabisa. Nyumba ni ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, ua na choo cha wote nyuma. Mmoja anakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Wa pili, bila kuulizwa, anabeba masufuria ya juzi na kwenda nayo uani. Wa tatu anaomba aone dawa, anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi, anakunja uso.

"Umekula?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo ndiyo nini? Kunywa uji huu nikuone."

Wanasali Baba Yetu na Salamu Maria, bahasha inaachwa chini ya mto, wanaaga. Koridoni wanakutana na bibi wa chumba cha pili, Mwislamu, anayepeta mchele. "Vipi hali yake?" "Anaendelea, bibi, ila mchana hana mtu." Bibi anasema basi mchana mwachieni mimi. Nani kamshawishi nani hapo? Wale watatu hawakuja kumhubiria bibi, wala bibi hakusubiri kuombwa. Lakini sasa kilichokuwa cha jumuiya kimekuwa cha nyumba nzima.

Jambo hili la kutembelea watu kwa utaratibu lina historia ndefu kuliko jumuiya. Legio ya Maria, chama cha waumini Wakatoliki kilichoanzishwa Dublin nchini Ireland mwaka 1921 na ambacho wanachama wake utawakuta parokia nyingi za jiji hili, huwapa kazi ya kila wiki. Wanakwenda wawili wawili, na mkutano unaofuata kila mmoja husimama na kutoa taarifa ya alikokwenda. Wana pia kanuni inayowashangaza wengi: hawaruhusiwi kutoa msaada wa vitu. Si unga, si nauli. Wanachopeleka ni wao wenyewe. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni ubahili uliovishwa joho, ila kanuni hiyo ina akili yake. Asiyeleta kitu hana budi kukaa na kusikiliza, na mwenyeji hana cha kushukuru kwa unyenyekevu, kwa hiyo wanaongea kama watu.

Lakini kwa nini ujio wa mtu ambaye si hata rafiki uwe na uzito hivyo kwa anayetembelewa? Mwaka 2022 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900. Walilinganisha makisio ya anayemtafuta mtu, kwa ujumbe au kizawadi kidogo, na jinsi mpokeaji alivyofurahi kweli. Watafutaji walikosea upande uleule: walidhani wamefanya jambo dogo kuliko lilivyopokewa. Sababu kubwa ilikuwa mshangao. Anayetafutwa huwaza, "kumbe nimekumbukwa", na kadiri asivyotarajia ndivyo anavyothamini.

Kwa hiyo yule mama akirudi kwake ataona ameosha masufuria mawili tu na kumimina uji. Kesho atakuwa amesahau, hasa kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Wewe uliyelala huwazi habari za zamu. Unachojua ni kwamba kuna mtu ameingia mlangoni. Na hata ukikumbuka kwamba jina lake lilisomwa kwenye kaunta buku, uji unabaki uji.

Kuna watafiti wengine, Robert Putnam na David Campbell, waliochapisha mwaka 2010 uchunguzi mpana juu ya dini Marekani. Waliona kwamba watu wa dini hutoa zaidi na hujitolea zaidi kuliko wengine, lakini kilichowatofautisha hakikuwa ukali wa imani moyoni. Kilikuwa marafiki walio nao kwenye usharika. Muumini mwenye imani kali anayesali peke yake hakuonyesha ujirani huo. Asiyeamini aliyeingizwa kwenye usharika, labda kupitia mwenzi wake, aliuonyesha. Mimi ningeongeza kwamba imani ndiyo inayomfanya mtu aendelee kwenda Jumamosi zile ambazo marafiki hao wanamkera.

Uzito wa jambo hili ulionekana zaidi miaka ya tisini, UKIMWI ulipoingia kila mtaa na dawa hazipo. Mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiishi na virusi Dar es Salaam kiliomba kusaidiwa na jimbo kuu Katoliki, na kutokana nacho likazaliwa shirika la PASADA, linalohudumia watu wa dini zote. ARV, dawa za kufubaza virusi, zilianza kuwa za bure na kutolewa nchini kuanzia 2004. Katikati hapo ni miaka kumi na miwili ambayo kilichokuwapo, kwa wengi, ni mtu wa kukugeuza kitandani na kukubali kunywea kikombe chako. Kulikuwa na nyumba ambazo ndugu waliacha sahani mlangoni. Walioingia ndani walikumbukwa.

Watu wa nje wameyaona haya tangu zamani. Mwaka 362 Kaisari Juliano wa Roma, aliyeukana Ukristo na kutaka kurudisha miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia barua ya kulalamika: Wakristo hawa wanalisha maskini wao, na wetu pia, wakati watu wetu hawapati msaada kutoka kwetu. Akaagiza nyumba za wageni zijengwe kila mji, akatenga nafaka na divai kwa ajili hiyo. Mwaka uliofuata akafa vitani. Hata angeishi, sidhani kama ngano ya serikali ingetosha. Hakuwa na Jumamosi yake.

Nisije nikaonekana nawapamba, zamu hiyohiyo ina upande wake mchungu. Daftari linalojua nani hajaonekana hujua pia nani hajatoa mchango. Wako waliozuiliwa barua ya ubatizo wa mtoto kwa sababu "hawashiriki jumuiya", na kuna misiba iliyocheleweshwa kwa mabishano ya namna hiyo huku marehemu yuko ndani. Wanaoosha masufuria yako huona pia unaishi na nani, na habari ya ugonjwa wako inaweza kufika sokoni kabla hujapona. Anayesema "mimi sitaki jumuiya ijue" si lazima awe na kiburi. Mara nyingine anajilinda tu. Jumuiya nzuri ni ile yenye watu wanaojua kunyamaza, na hao hawapangwi kwa zamu.

Tena mpango huu unategemea sana jinsi mtaa ulivyo. Manzese na Buguruni, ambako milango inatazamana, unakwenda wenyewe. Mbezi Beach kuna ukuta, geti, mlinzi na mbwa. Kupiga hodi ni lazima upige simu kwanza. Maghorofani ndiyo kabisa, watu wanakutana kwenye lifti. Huko jumuiya nyingi zimehamia WhatsApp. Mtu anaandika kwamba mama yake amelazwa, na baada ya dakika kumi zimejaa "pole sana", mikono iliyokunjwa na mishumaa. Jioni, saa za kuwaona wagonjwa zinapita hakuna aliyetokea, kwa kuwa kila mmoja ameona wenzake wameshajibu.

Mwenyekiti mmoja wa jumuiya huko Kimara aliniambia wao wameweka utaratibu. Kwenye grupu hakuna kuandika pole. Unaandika siku na saa utakayokwenda, na kama huendi, huandiki kitu. Grupu limekuwa kimya kuliko zamani, anasema, na wiki kadhaa huonekana majina matatu tu.