Samaki anaogelea, lakini je, ni mzima?

Samaki wakionekana wanaelea tumbo juu mtoni, kila mtu hushtuka na kuuliza kulikoni. Sisi tunaopima maji huwahofia zaidi wale ambao hawajafa. Metali nzito kama zebaki, risasi, kadimi na shaba zinaweza kumdhuru samaki kwa muda mrefu bila kumuua, na maji yenyewe yakabaki maangavu.

Chukua shaba. Mikrogramu chache tu katika lita moja ya maji hutosha kudhoofisha uwezo wa kunusa wa samaki wachanga, kama wale wa salmoni. Mwenzao akijeruhiwa, ngozi iliyochanika hutoa kemikali inayowatahadharisha, nao hutulia tuli au hujificha. Asiyeweza kunusa huendelea kuogelea mbele ya adui kana kwamba hakuna kitu. Huyo ataliwa, na hakuna atakayemhesabu kuwa ameuawa na shaba.

Mlango mkuu wa metali hizi ni matamvua. Kadimi hupenya kwa njia ileile inayopitisha kalsiamu, ikaizuia kuingia; shaba nayo huvuruga upatikanaji wa sodiamu. Sumu ikizidi, matamvua hufunikwa na ute mzito na samaki hukosa pumzi hata kama maji yana oksijeni tele. Kwa kuwa kalsiamu hugombea mlango huohuo, kiasi kilekile cha kadimi hudhuru zaidi katika maji laini, yaani yenye kalsiamu kidogo, kuliko katika maji magumu, yenye kalsiamu nyingi. Ripoti inayotaja metali bila kutaja ugumu wa maji ni nusu ya habari.

Zebaki ina hila zake. Bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo huongezeka kila kiumbe kinapoliwa na kingine, hadi kumfikia samaki mla samaki. Hukaa kwenye minofu, na kuichemsha au kuikaanga hakuiondoi. Kadimi, kinyume chake, hujilimbikiza zaidi kwenye ini na figo, na risasi kwenye mifupa. Kwa hiyo ukiletewa majibu ya maabara, uliza kwanza ni kiungo gani kilichopimwa.

Uliza pia kuhusu tope. Metali haiozi: bomba la majitaka likishafungwa, iliyotuama chini hubaki, na mafuriko au maji yanapogeuka kuwa na asidi huweza kuirudisha juu.