Je, wajua kwa nini daktari humuuliza mfamasia kabla ya kuandika dawa?

Wengi wetu tunamjua mfamasia wa dirishani: unapitisha karatasi, unapewa pakiti iliyoandikwa 1x3, unaenda zako. Lakini katika hospitali kubwa za Nairobi, kama Kenyatta, yuko pia mfamasia wa kliniki, anayezunguka wodini pamoja na madaktari. Sehemu ya kazi yake ni kujibu maswali kuhusu dawa, na wanaomuuliza zaidi si wagonjwa bali madaktari na wauguzi.

Daktari aliyebobea aulize nini tena? Chukua mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegravir, dawa ya kudhibiti virusi hivyo, kisha apatikane na TB. Rifampisini, dawa ya TB anayoanzishiwa, hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi, kwa hiyo dolutegravir ya miligramu 50 inayomezwa mara moja kwa siku sasa humezwa mara mbili. Kama ni mama anayepanga uzazi kwa vidonge, navyo hudhoofika. Na zile tembe za kuongeza damu? Madini ya chuma hushikana na dolutegravir tumboni, isiingie vizuri mwilini. Akiwa hajala, dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya tembe hizo au saa 6 baada yake. Daktari ana wodi nzima inayomsubiri. Mfamasia amesomea hayo hasa.

Wakati mwingine hatari iko kwenye dripu. Seftriaksoni ni antibiotiki ya kila siku wodini, lakini mtoto mchanga anayewekewa maji yenye kalsiamu mshipani hapewi. Viwili hivyo hugandana kuwa chembechembe zinazoweza kutua kwenye mapafu na figo, na kuna watoto waliofariki kwa njia hiyo.

Kinachonivutia mimi ni namna swali linavyojibiwa. Muuguzi akipiga simu, “Dawa hii ni salama kwa mjamzito?”, mfamasia mzuri hakimbilii kitabu. Anauliza kwanza: mimba ina miezi mingapi? Figo zake zikoje? Ameshaimeza, au ndiyo mnafikiria kumpa? Kama bado, huenda wakatafuta dawa nyingine. Kama ameshaimeza, ushauri ni mwingine kabisa: afuatiliwe vipi, na aambiwe nini asije, kwa mfano, akaiacha ghafla kwa hofu kama ni dawa ya kifafa. Baada ya hapo ndipo hupekua miongozo na tafiti, akajibu, akaandika alichojibu. Kesho yake hurudi kumwona mgonjwa.

Huduma hii ya kujibu maswali ya dawa ilianza kupewa kituo chake maalumu mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, dunia ikiwa bado na mshtuko wa thalidomidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia kutuliza kichefuchefu cha wajawazito, ambayo ililemaza maelfu ya watoto tumboni.

Jibu la mfamasia, hata hivyo, hutegemea alichoambiwa. Kwa hiyo akifika kitandani mwa mzee wenu akauliza kuhusu mitishamba, au zile dawa mlizonunua dukani mtaani, mtajieni zote. Hata mwarobaini.