Limfoma ya ngozi: mwanga unatibu ngozi nyeusi?

Swali: Mwanangu ana mabaka meupe mapajani na makalioni, tumempaka dawa za fangasi weee mpaka tukachoka, juzi wamekata kinyama wakapima wanasema limfoma ya ngozi, na daktari anataka atibiwe kwa mwanga. Kwa weusi wetu huu itasaidia kweli?

Jibu: Itasaidia mama, na mabaka meupe ndo huwa yanaitikia vizuri. Limfoma ya ngozi ni saratani ya chembe nyeupe za damu inayoanzia kwenye ngozi, na hiyo ya mabaka meupe ni aina ya ile inayoitwa maikosisi fangoidesi (jina tu, si fangasi), inawapata zaidi watu weusi na wa maji ya kunde, mara nyingi watoto na vijana, na kawaida inaenda polepole. Inafanana sana na mbalanga, utangotango, hata ukoma, ndo maana watu wanapaka krimu miaka bila kupimwa kinyama, na hilo linaniuma sana.

Swali: Si nasikia melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inazuia mwanga?

Jibu: Inazuia kiasi. Inanyonya UVB, yaani mwanga usioonekana wa mashine ya kutibia, kabla haijafika chini, kwahiyo mtu mweusi huanzishiwa dozi kubwa kuliko mzungu halafu inapandishwa taratibu, mara 2 au 3 kwa wiki, miezi kadhaa. Ila baka jeupe lenyewe lina melanini kidogo kwahiyo mwanga unapita palepale penye ugonjwa. Baka likiwa nene limeinuka, wengi wanapelekwa PUVA: unameza kidonge cha soraleni, dawa inayofanya ngozi iathirike zaidi na mwanga, kama masaa 2 baadaye unaingia kwenye mashine ya UVA, mwanga mwingine usioonekana ambao unazama zaidi, na siku hiyo nzima unavaa miwani ya kuzuia UV na kukwepa jua.

Swali: Si bora nimwanike tu juani?

Jibu: Hapana, jua halina kipimo, ataungua bure.

Swali la mwingine: Mimi ndo natibiwa kwa mwanga huo, nazidi kuwa mweusi, niache?

Jibu: Usiache! Weusi huo unatokana na mwanga, ukimaliza tiba unapungua pole pole. Cha kuangalia ni kuungua, maana kwetu wekundu hauonekani vizuri na nesi anaweza asiuone kabisa. Ukilala usiku ngozi inawaka moto, inawasha au shuka likigusa unaumia, mwambie kabla hajawasha mashine, asipandishe dozi.

Swali: Rangi ikirudi kwenye mabaka ndo nimepona?

Jibu: Ni dalili nzuri sana, ila ugonjwa huu huwa unarudi, kwahiyo kliniki unaendelea kwenda hata ngozi ikiwa safi.