Skapula na mkazo wake: wanayodhani wengi, na ilivyo

Jioni barazani kwetu Ngamiani, barabara ya 12, wanafunzi wawili wa uuguzi hunisomea majina ya mifupa kwa sauti. "Ska-PU-la," mmoja akatangaza, yaani mfupa bapa wa bega. Mwenzake akamcheka, kisha naye akasema "fi-BU-la", mfupa mwembamba wa mguu chini ya goti.

Wengi hudhani ukishalikata neno silabi, umeshalitamka. Kukata hawa walikata vizuri. Walichokosea ni mkazo. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiusogeza mkazo maana huponyoka: barabara unayopita si ile ya kazi iliyofanyika barabara. Majina haya mengi ni ya Kilatini, na Kiingereza kimeyapokea na kanuni yake. Tazama silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu yake ikiwa ndefu, au ikifuatwa na konsonanti mbili, kwa kawaida mkazo hukaa hapo: pa-TE-la (pia ya goti), mak-SI-la (taya la juu), maana zote huandikwa kwa l mbili. La sivyo, mkazo hurudi nyuma hatua moja: SKA-pyu-la, FI-byu-la. Ndiyo maana "patella" Mswahili huipata bila kufundishwa.

Yule wa fibula akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuhesabu konsonanti daftari zima. Akakwama kwenye "vertebra", pingili ya uti wa mgongo. "Shangazi, hapa ziko mbili!" Ziko mbili, lakini b ikiandamana na r huhesabiwa kama moja. Ni VA-te-bra.

Eti kila herufi isomwe? Hiyo ni desturi ya Kiswahili. P ya "pterygoid", sehemu ya mfupa wa fuvu, imesimama mlangoni tu, haipigi hodi: TE-ri-goidi. Ch ya "trachea", bomba la pumzi, ni ya Kigiriki, husomwa k. Na hapo msigombane: Waingereza husema tra-KI-a, Wamarekani TREI-ki-a, zote sahihi.

Wala neno refu si lazima liwe gumu. "Sternocleidomastoid", msuli wa shingo, hujieleza lenyewe: kidari, mtulinga, na mfupa ulio nyuma ya sikio. Silabi 6, mkazo mkuu kwenye MAS. Mimi naogopa zaidi kifandugu, "coccyx", chenye c mbili zilizokaa pamoja, ya kwanza k, ya pili s: KOK-siksi.

Ila msidhani kiungo cha maana ndicho kiungo cha sauti. "Gastrocnemius", msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti, kimaana hukatika baada ya gastro, mdomoni ni gas-trok-NI-mi-as. Kwa Kigiriki ni tumbo la mguu. Binti akaishika miguu yake akacheka: kwao huitwa shavu.