Unga kwenye teminali za betri ya gari: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Unga ule ni uchafu tu, ukishafutwa yamekwisha."

Hapana. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayobeba chembe za asidi ya salfuriki. Chembe hizo zikipenya kando ya nguzo (kichwa cha risasi juu ya betri), hula teminali, yaani kishikio cha waya kinachobana nguzo hiyo. Unga mweupe hutokana na risasi; wa bluu au kijani hutokana na shaba ya waya. Unga ukirudi baada ya wiki chache, tafuta chanzo badala ya kusafisha tena. Pima betri injini ikiwaka: volti 13.8 hadi 14.7 ni sawa. Zikipita 15, chaji imezidi na betri inachemka, kwa hiyo mpe fundi aangalie regyuleta (kidhibiti volti) ya alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Kama chaji iko sawa, huenda maji yalijazwa kupita alama ya juu, au plastiki imepasuka kwenye nguzo. Hilo la mwisho halizibiki kwa gundi.

"Mwagia soda au maji ya moto."

Vyote huyeyusha unga, lakini soda nayo ni asidi, na sukari yake hunasa vumbi. Maji matupu huteremsha asidi hadi kwenye trei ya chuma iliyobeba betri, na kutu huanzia huko. Kinachovunja makali ya asidi ni alkali: koroga kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti ya kuokea katika glasi ya maji. Magadi ya jikoni yaliyosagwa yanafaa pia.

Vaa glovu na miwani, zima injini, kisha fungua hasi kwanza. Mara nyingi ni spana namba 10. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi inapiga shoti. Hakikisha vifuniko vya maji vimebana, maana mchanganyiko huo ukiingia ndani unaharibu asidi ya betri. Paka, subiri povu liishe, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, suuza, kausha. Rudisha chanya, hasi iwe ya mwisho.

"Paka grisi ndani ya teminali ili ishike vizuri."

Grisi haipitishi umeme. Kinachotakiwa ni chuma kwa chuma. Bana mpaka teminali isizunguke kwa mkono, ndipo upake grisi au mafuta ya mgando kwa nje.

"Stata ikigoma, betri imekufa."

Watu wengi hununua betri mpya kwa kosa hili. Weka ncha moja ya mita ya volti kwenye nguzo, nyingine kwenye teminali yake, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea kwenye kiungo hicho.

"Maji yakipungua, ongeza asidi."

Kinachopungua ni maji, asidi hubaki. Ongeza maji yaliyotoneshwa, yafunike sahani za risasi zilizo ndani ya betri. Ya bomba yana chumvi.

"Chomoa teminali injini ikiwaka, ujue kama alteneta inachaji."

Usithubutu. Volti hupanda ghafla na kuunguza diodi za alteneta au kompyuta ya gari.