Kile kicheko mnachoniomba niwabandikie

Kazi yangu ni kuhariri sauti za vipindi hapa Dar es Salaam, na kuna ombi moja limenichosha. Mteja anakuja na kichekesho chake, vijana wanne kwenye sebule moja, picha nzuri kabisa, halafu ananiambia: "Fundi, wakimaliza kila utani tuwekee kile kicheko cha Wamarekani, kama cha Friends." Nikimuuliza anadhani kicheko kile kilitoka wapi, majibu hayatofautiani: kiko kwenye kompyuta, wao wanabonyeza tu. Wapo wanaoongeza kwamba wale wanaocheka walishakufa zamani. Na kwa kuwa wanaamini hivyo, wanaamini na hili lingine, ambalo ndilo linaloua kazi zao: kwamba utani uliododa ukibandikwa kicheko unapona.

Hauponi. Na Friends haikutengenezwa hivyo hata kidogo.

Kichekesho kile cha marafiki sita wa New York kilirushwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia Septemba 1994 hadi Mei 2004, episodi 236, na karibu zote zilipigwa mbele ya watu wapatao 300 waliokaa kwenye viti vya ngazi ndani ya studio za Warner Bros. kule Burbank, California. Seti zilijengwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na kuta tatu tu. Upande wa nne uliachwa wazi. Hapo ndipo zilipotembea kamera, na nyuma ya kamera wakakaa watazamaji. Juu ya vichwa vya watazamaji hao kunaning'inizwa maiki zao, mbali na maiki za waigizaji, kwa hiyo kicheko kinaingia kwenye mkondo wake wa sauti, papo hapo utani unaposemwa. Onyesho moja linarudiwa mara kadhaa, na watu wasichoke kuna mchekeshaji maalumu wa kuwachangamsha wakati seti zinabadilishwa. Usiku mmoja wa kupiga ulichukua saa tano, wakati mwingine zaidi.

Sasa angalia kinachotokea utani unapokataa. Waandishi wote wako pale pale sakafuni, skripti mkononi. Mstari ukipita watu wakanyamaza, wanakusanyika pembeni, wanaandika mwingine, wanamnong'oneza mwigizaji, na kamera zinawaka tena. Watu wakicheka, huo ndio unaobaki. Wasipocheka, unaandikwa wa tatu. Kicheko unachokisikia kwenye televisheni yako ni risiti ya mtihani ambao ule mstari uliufanya usiku ule na ukafaulu. Wewe unataka risiti bila kununua kitu.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Mwaka 1951, vipindi vikubwa vya Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na watu wa pwani ya magharibi waliletewa nakala iliyopigwa kwa kuielekezea kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Picha yake ilikuwa ukungu mtupu. Mwigizaji Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz hawakutaka kuhama Los Angeles, japo hadithi yao, I Love Lucy, iliwekwa kwenye nyumba ya kupanga Manhattan. Wakaamua kupiga kwa filamu halisi, kamera tatu kwa mpigo, mbele ya hadhira. Aliyewatatulia suala la taa ni Karl Freund, yule aliyepiga picha za filamu ya Metropolis kule Ujerumani. Taa zake ziliweza kuhudumia picha ya karibu na ya mbali kwa wakati mmoja, ili onyesho litiririke kama la jukwaani bila kusimamishwa kila dakika. Mtu wa sauti akisikiliza episodi nyingi za kipindi kile mfululizo, ataanza kuitambua sauti ya mwanamke mmoja kwenye hadhira, anayeguna kwa hofu kila Lucy anapokaribia kuharibu mambo. Ni DeDe, mama yake Lucille Ball, ambaye hakupenda kukosa usiku wa kupiga. Mama anamwogopea mwanawe, na maiki inamnasa. Hicho hukipati kwenye faili ulilopakua.

Lakini sitaki niwe mwongo: kicheko cha kubandika kilikuwepo, na kina historia yake. Charles Douglass, fundi wa sauti wa kituo cha CBS, alitengeneza mashine ya vicheko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake kulikuwa na mikanda ya vicheko vilivyorekodiwa kwa watu halisi: kicheko cha chini chini, cha mtu mmoja aliyechelewa kuelewa, cha ukumbi mzima. Aliipiga kwa vidole kama kinanda, na kwa mguu akiongeza au kupunguza nguvu. Aliifunga kwa kufuli na hakupenda watu waone ndani. Mikanda ile ilitumika miaka mingi, na nadhani hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya kicheko cha marehemu. Vipindi vya miaka ya 1960 vilivyopigwa kwa kamera moja bila watazamaji, kama That Girl na Family Affair, vyote viwili vikiwa na hadithi za New York, vilijazwa vicheko vya namna hiyo. Hapo, ndiyo, kicheko ni cha kubandika.

Ila tazama walichokifanya wenyewe walipokichoka. The Odd Couple, ile ya wanaume wawili walioachana na wake zao wakaishi pamoja Manhattan, ilianza mwaka 1970 kwa kamera moja na kicheko cha kubandika. Waigizaji wake wakuu, Tony Randall na Jack Klugman, hawakukipenda. Wote wawili walikuwa watu wa jukwaa. Klugman alishaicheza nafasi ile ile kwenye majukwaa ya Broadway, New York. Kuanzia msimu wa pili, mwaka 1971, kipindi kikahamia kwenye kamera tatu na hadhira. Ukitaka kujifunza kitu, chukua episodi moja ya msimu wa kwanza na moja ya msimu wa tatu, uzitazame jioni moja. Waigizaji wale wale, wahusika wale wale. Katika ile ya pili, Klugman akishasema mstari wake anakaa nao. Anakiacha kicheko kipande juu, kinafika kileleni, na kinapoanza kushuka ndipo Randall anapoingia. Pengine uso wa Randall peke yake unakirefusha kicheko mara ya pili bila neno.

Hilo ndilo ninalowaeleza wateja, na narudia hapa kwa sababu naona halijaingia. Mwigizaji wako hakukisikia kicheko ninachokibandika. Hakukisubiri, hakukijibu kwa macho. Alimaliza sentensi, mwenzake akadakia, na mimi nabaki na nafasi ndogo kuliko pumzi moja niipachike sauti ya watu mia tatu. Nikikiweka, kinafunika maneno yanayofuata. Nikikikata, kinasikika kimekatwa. Isitoshe, wewe ulirekodi chumbani Sinza kwa maiki ya kifuani, na kile kicheko kilirekodiwa kwenye ukumbi mkubwa wenye mwangwi wake. Masikio ya mtazamaji yanajua kwamba hizi ni sehemu mbili, hata kama yeye hajui kueleza. Na kicheko cha faili kina umbo moja. Watu halisi hucheka kwa umbo la utani wenyewe: wawili wanaanza, wengine wanaelewa, halafu ukumbi unalipuka, na pembeni kuna mmoja asiyeweza kuacha.

Kuna njia ya tatu, ambayo wengi wenu ingewafaa na hamuijui. How I Met Your Mother, ya New York, iliyorushwa kuanzia 2005 hadi 2014, haikupigwa mbele ya watu. Hadithi yake iliruka mbele na nyuma, vipande vifupi vingi mno, hadhira ingekesha bila kuelewa. Kwa hiyo walipiga, wakahariri, kisha wakawaonyesha watu episodi iliyokamilika na kurekodi vicheko vyao. All in the Family nayo ilifanya hivyo katika msimu wake wa mwisho. Watu halisi, wanaokicheka kipindi chenyewe. Ukumbi wa shule unatosha, projekta moja, na watu thelathini wasiokujua. Nasisitiza wasiokujua, maana shangazi yako atacheka hata ukikohoa.

Na kama huna watu, acha kimya. Everybody Hates Chris, ya Bed-Stuy, Brooklyn, haina kicheko hata kimoja. Brooklyn Nine-Nine pia haina. Mdundo wao unatoka kwenye mkato wa picha, kwenye sauti ya msimulizi, kwenye uso wa mtu aliyekamatwa. Kimya hakijawahi kuharibu utani mzuri.

Nigusie na mengine mnayoyaamini kimakosa, maana nayo nayasikia karibu kila wiki.

Kwamba vipindi hivi vinapigwa New York. Vingi vinapigwa Los Angeles na viunga vyake. Lile jengo la Friends lipo kweli, namba 90 Bedford Street, Greenwich Village, lakini ni nje tu. Ndani mle hawakupigia hadithi. Ile chemchemi wanayochezea mwanzoni iko Burbank. Mgahawa wa Seinfeld kwa nje ni Tom's Restaurant, kona ya Broadway na mtaa wa 112, ila ndani ni seti ya California. Cheers ya Boston na Frasier ya Seattle zilipigwa kwenye jukwaa lile lile, Stage 25 la Paramount, Hollywood. Zilizopigwa New York kweli ni chache: kwa mfano, The Cosby Show ilipigwa Brooklyn, baadaye Queens, na 30 Rock ilipigwa Queens.

Kwamba Mmarekani mwenye kazi ya kawaida anaishi kwenye sebule kama ya Monica wa Friends. Hapana. Sebule ni kubwa kwa sababu kamera nne zinahitaji pa kutembea na watu sita wanahitaji pa kusimama bila kuzibana. Waandishi wenyewe walilazimika kueleza kwamba nyumba ilikuwa ya bibi yake, kwa kodi ya zamani inayodhibitiwa na sheria.

Kwamba waigizaji wanajitungia maneno. Wanaongeza moja mbili, basi. Nyuma yao kuna chumba kizima cha waandishi walioajiriwa.

Kwamba Friends ndiyo iliyobuni marafiki sita wa mjini wanaoingia na kutoka kwenye vyumba vya wenzao. Hili linaniuma. Living Single ya Yvette Lee Bowser ilianza Agosti 1993 kwenye Fox, mwaka mmoja na zaidi kabla: vijana sita weusi wa Brooklyn, Queen Latifah akiwa mhariri wa jarida lake mwenyewe. Ilitengenezwa na Warner Bros. hao hao. Anayetaka kujifunza kuandika vichekesho vya marafiki aanzie hapo, ataona jinsi wanawake wanne wanavyogombana kwa upendo bila mwandishi kumdhalilisha hata mmoja.

Kwamba ni mambo mepesi. Norman Lear alileta All in the Family mwaka 1971, sebule ya Queens, baba mbaguzi na mkwe anayepinga vita ya Vietnam, wakipigana kwa maneno mbele ya watu wanaocheka na kushtuka kwa zamu. Good Times, ya maghorofa ya maskini ya Chicago, ilimuua baba wa familia mwanzoni mwa msimu wa nne, 1976. Mkewe, Florida, anavumilia siku nzima ya msiba, anahudumia wageni, hadi anapolipasua bakuli la kioo sakafuni. Hadhira iliyokuja kucheka ilikuwa pale pale. Hebu niambie ningebandika nini hapo.

La mwisho, kwamba sisi hatuna studio zao ndiyo maana hatuwezi. The Honeymooners, ya dereva wa basi wa Brooklyn, ilipigwa msimu wa 1955 hadi 1956 kwenye ukumbi wa Adelphi, Manhattan, episodi 39, na sehemu kubwa ya hadithi iko kwenye chumba kimoja: meza, viti, jiko, sinki, dirisha. Kwa kawaida familia ile haikuwa hata na televisheni. Kilichokuwepo ni waigizaji Jackie Gleason na Audrey Meadows, na watu wamejaa ukumbini. Meza na viti mnavyo. Watu mnao, Dar nzima.

Kwa hiyo mkiamua kupiga mbele ya watu, fanyeni hivi kabla ya kuja kwangu. Someni skripti kwa sauti mbele ya wageni siku chache kabla, na kila mahali waliponyamaza pawekeeni alama ya kalamu. Hapo andikeni upya. Siku ya kupiga, ning'inizeni maiki mbili juu ya watazamaji, zielekee kwao na zigeuzie waigizaji mgongo. Wakataze waigizaji kuongea juu ya kicheko. Msiwaonyeshe watu kibao cha kuwaambia lini wacheke. Rekodini sekunde thelathini za ukumbi ukiwa kimya, watu wakiwa ndani, maana nitazihitaji kuziba mikato. Na sauti za watazamaji nileteeni kwenye faili lake peke yake; zikishachanganywa na za waigizaji, siwezi tena kuzitenganisha.