Je, Wajua Kwa Nini Mabuli ya Chai Hushindana Mbio?

Katika mji wa Oamaru, ulioko pwani ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, kuna mbio ambazo washindani wake ni mabuli ya chai. Nasema mabuli kwa makusudi, maana birika ni la kuchemshia maji jikoni, ilhali buli ndilo linaloletwa mezani likiwa na chai iliyokwisha kuiva. Buli hilo hufungwa juu ya kigari kidogo chenye mota na betri, mwenye nalo husimama pembeni akiwa ameshika rimoti, kisha huliongoza katika njia iliyojaa vikwazo kama vile vilima vya mbao na kona za ghafla. Mashindano haya ni sehemu ya tamasha la stimpanki, yaani mtindo wa sanaa na mavazi unaoienzi enzi ya mvuke, linalofanyika mjini humo kila mwaka, na yamependwa hata yakavuka bahari hadi kwa wapenzi wa stimpanki wa Uingereza na kwingineko. Swali linalomjia kila anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza ni lile lile: kwa nini buli, wakati dunia haina upungufu wa magari ya kuchezea yaliyotengenezwa yaende kasi?

Jibu linaanzia kwenye stimpanki yenyewe. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1987, pale mwandishi wa Marekani K. W. Jeter alipoliandika katika barua kwa jarida la Locus, akitafuta jina la kuziita hadithi ambazo yeye na wenzake walikuwa wakizitunga kuhusu enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Wazo la hadithi hizo ni kujiuliza dunia ingekuwaje kama mvuke ungeendelea kuwa ndiyo nguvu kuu, na petroli isingekuja kuchukua nafasi yake. Kutoka kwenye vitabu wazo hilo likaingia kwenye mavazi, useremala na ufundi wa vyuma. Leo mtu wa stimpanki hutambulikana kwa kofia ndefu, miwani mikubwa ya fundi wa tanuri, na vifaa vya shaba ambavyo gia na ribiti zake zimeachwa wazi ili kila mtu aone jinsi vinavyofanya kazi. Sisi wa Kiswahili hatuko mbali sana na fikra hiyo, kwani mpaka leo wengi wetu huita treni gari la moshi, hata ikiwa ile inayopita inavutwa na injini ya dizeli. Enzi ya mvuke imebaki ndani ya lugha baada ya kuondoka relini.

Chai nayo ilikuwa kinywaji cha kila nyumba katika Uingereza ya Victoria, kwa tajiri na kwa kibarua wa kiwandani, na ndiyo maana wapenzi wa stimpanki wameifanya nembo yao. Wana hata pambano la biskuti, ambapo wawili hukaa meza moja, huchovya biskuti ndani ya chai kwa hesabu ya tano, kisha huziinua, na mshindi ni yule anayechelewa zaidi kuila yake bila kuiacha imeguke na kudondoka. Lakini naona kuna sababu nyingine iliyolipa buli heshima hii. Ukilitazama vizuri, lile tumbo la mviringo, mfuniko wa juu na mdomo unaotoa mvuke ni umbo la injini ya mvuke katika hali ya udogo wake, kwa hiyo kulitia magurudumu ni kukamilisha tu kile ambacho umbo lake lilikuwa limeshaanza kukidokeza.

Oamaru yenyewe ilifaa kwa mchezo huu kwa sababu ya kisa cha uchumi wake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mji huo ulitajirika kwa ngano, sufu na nyama, na wenyewe wakajenga maghala, benki na hoteli za fahari kwa mawe meupe ya chokaa yanayochimbwa karibu na hapo. Baadaye mji ukazama katika madeni, biashara ya bandari ikafifia, na hatimaye bandari ikafungwa katika miaka ya 1970. Hakukuwa na fedha za kubomoa majengo ya zamani na kusimamisha ya kisasa, na umaskini huo ndio uliouokoa mtaa mzima wa Kivictoria, ambao tangu 1987 unatunzwa na taasisi iliyoundwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2011 jengo la zamani la kuhifadhia nafaka, lililojengwa 1883, likageuzwa kuwa makumbusho ya stimpanki, na mwaka 2016 Guinness, wale watunzaji wa rekodi za dunia, wakautambua mji huo kwa kukusanya pamoja watu wengi zaidi wa stimpanki duniani.

Sasa turudi kwenye kigari chenyewe, maana hapo ndipo raha ya jambo hili ilipo. Chukua kigari cha kawaida cha rimoti ambacho matairi yake ya kulia na kushoto yako sentimita 20 mbali, na ambacho uzito wake mwingi, yaani betri na mota, uko sentimita 5 tu kutoka sakafuni. Ili kigari hicho kipinduke kwenye kona, ingebidi nguvu inayokisukuma upande ifikie mara mbili ya uzito wake, na matairi yake yatakuwa yameteleza kabla ya hapo. Ondoa bodi yake ya plastiki, weka ubao, funga juu yake buli la kauri, na kitovu cha uzito kinapanda hadi, tuseme, sentimita 14. Kuanzia hapo nguvu ya upande iliyo kama asilimia 70 tu ya uzito wake inatosha kukilaza chali, na matairi mazuri ya mpira yanaweza kuifikisha nguvu hiyo bila kuteleza. Kwenye kona iliyopindwa kwa duara la nusukipenyo cha nusu mita, hesabu inatoa mwendo usiozidi kilomita 7 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ukizidisha hapo kidogo, kauri inakutana na sakafu.

Fundi anayelijua hilo hushusha betri chini kabisa, hutanua ekseli, na huuza mwendo wa kigari chake ili anunue utulivu. Kisha anakabiliwa na kilima, ambako buli linavuta uzito nyuma na kuyainua matairi ya mbele, kwa hiyo ni lazima alisogeze mbele kidogo, na kwa kufanya hivyo anajitafutia taabu mpya wakati wa kushuka. Kila suluhisho linazaa tatizo lake. Hilo ndilo jibu la swali letu: buli limechaguliwa kwa sababu linaufanya mwendo wa kasi usiwe na faida, na pale kasi inapokosa faida, mwenye mota ya bei kubwa hana cha kumringia mwenye akili, subira na mkono mtulivu. Mtoto wa Kiafrika Mashariki aliyewahi kusuka gari la waya na kulitia magurudumu ya vifuniko anaielewa kanuni hii kwa vidole vyake.

Wazo la kuwawekea washindani ugumu wa makusudi lina umri mrefu kuliko neno stimpanki. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Ferndale huko California, mchongaji Hobart Brown aliona baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu haipendezi, akaichukua akaanza kuichomelea vyuma hadi ikawa na magurudumu matano na umbo la ajabu. Msanii mwenzake, Jack Mays, akamwambia kwamba anaweza kutengeneza kitu bora kuliko hicho, na wakakubaliana kushindana katika barabara kuu ya mji. Watu wengine wakajitokeza na mitambo yao, na siku ya mashindano hakuna hata mmoja kati ya wale wawili aliyeshinda. Ushindi ulikwenda kwa mtambo wenye umbo la kobe, uliokuwa ukitoa moshi na kutaga mayai njiani.

Mashindano hayo hayajafa. Siku hizi huanzia Arcata na kumalizikia Ferndale, mwendo wa takriban kilomita 80 unaochukua siku tatu, na mitambo yake, ambayo huendeshwa kwa nguvu za miguu ya watu peke yake, hupita lami, mchanga wa ufukweni na maji ya ghuba. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukanyaga pedeli kwa muda mrefu akatoa kama wati 100, kwa hiyo watu wanne ndani ya mtambo wa chuma wana nguvu ndogo kuliko ya pasi ya umeme. Majini hesabu ni nyingine: kila lita ya maji inayosukumwa kando hubeba karibu kilo moja, na mtambo wa kilo 500, pamoja na watu wake, unahitaji walau mapipa matatu ya lita 200 ili uelee na kubaki na akiba ndogo. Mapipa hayo hayo yaliyouokoa majini ni mzigo kwenye mlima na kizuizi kwenye mchanga, na hakuna namna ya kuwa bingwa wa vyote vitatu.

Zawadi zake zimepangwa kwa kufuata ukweli huo. Kuna tuzo ya yule ambaye mtambo wake umeharibika wa kwanza, na kuna tuzo inayothaminiwa sana ya anayemaliza katikati kabisa ya orodha. Nimevutiwa na hii ya pili kuliko zote, kwa sababu anayeitaka hana namna ya kuipigania. Lazima aendeshe bila kujua wangapi mbele yake watavunjikiwa na mnyororo.

Mbio za Ferndale na zile za Oamaru zina ndugu yao aliyezaliwa huko Santa Rosa, California, mwaka 2008, na waandaaji wake walichagua reli. Watu walileta viberenge walivyojitengenezea, vingi vikiwa ni baiskeli kuukuu zilizoungwa ubavu kwa ubavu, vikaendeshwa kwa miguu na mikono mbele ya umati uliovaa kama watu wa karne ya 19. Uamuzi wa kutumia reli ulikuwa wa busara kubwa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupoteza nguvu kidogo mno likilinganishwa na tairi la mpira juu ya lami, na reli yenyewe ndiyo inayoshika usukani, hivyo mtengenezaji anabaki na nafasi ya kushughulikia mabawa, miamvuli na mabomba ya shaba. Taabu iko kwenye breki, kwani wepesi ule ule uliokifanya kiberenge kiondoke kwa urahisi ndio unaokizuia kusimama.

Tamasha hilo liliendelea hadi 2011, wakati reli zile zilipokuwa hazina treni za abiria. Tangu Agosti 2017 treni za abiria zimerudi, na kituo cha Santa Rosa kiko pale pale kwenye uwanja wa Railroad Square, ambako viberenge vilikuwa vikipita.